Gari Lenye Kiu na Trei za Mayai

Injini ilikuwa ikinguruma uani tangu kulipopambazuka, na mwenye gari alikuwa jikoni akinywa chai.

Mkewe alisimama mlangoni na ndoo ya pumba mkononi. Moshi wa gari uliingia dirishani, ukazunguka juu ya sufuria, ukamkaa kooni. Nje, kuku walikuwa wamejibana upande wa mbali wa banda. Hata wao walikuwa wamechoka.

"Baba watoto, lizime hilo gari."

"Liache liamke kwanza," mume alisema. "Injini ni kama mtu. Humtoi mtu kitandani ukamkimbiza."

"Mtu akiamka anakwenda kazini. Hili limeamka, linakunywa, na halijaenda popote."

"Marehemu baba aliendesha lori maisha yake yote. Aliliwasha, akanawa uso, akanywa chai, akavaa viatu, ndipo akaondoka. Unataka kumfundisha marehemu?"

Mke alitoka na ndoo yake. Utabishanaje na marehemu?

Mtaani mume huyu walimwita Rubani, kwa sababu gari lake halikwenda, liliruka. Mke walimwita Mama Mayai. Kuku wake aliwalea tangu vifaranga, aliwajua kwa sauti na kwa tabia, na kila Jumatano mayai yao yalikwenda jikoni mwa hospitali kuu. Hospitali ilikuwa mteja wake mmoja mkubwa. Mayai ya hospitali yalinunua pumba, pumba zililisha kuku, kuku waliilisha nyumba. Ukikata uzi huo mmoja, nguo yote inafumuka.

Na gari je? Gari hilo Mama Mayai alikuwa amelipachika jina: mke mwenza. Lilikula kabla ya watoto. Lilioshwa kabla ya vyombo. Na likiugua, nyumba nzima haipati usingizi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Walipakia trei za mayai kiti cha nyuma, wakaondoka. Rubani alikanyaga mafuta mpaka mkewe akabandikwa kwenye kiti. Akalikimbilia tuta la barabarani, akafunga breki. Akalivuka, akakanyaga tena. Akalikimbilia lori, akafunga breki, akapiga honi.

"Unamkimbiza nani?" mke aliuliza.

"Muda."

Walipofika katikati ya mlima, gari likakohoa. Likakohoa tena. Kisha likanyamaza kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa.

"Haiwezekani," Rubani alisema. "Nililijaza juzi!"

"Juzi hiyo hiyo uliyosema litatufikisha wiki ijayo?"

"Tumeibiwa. Kuna mtu ananyonya mafuta usiku kwa mpira."

"Mwizi gani aingie uani kwetu apite kuku wote wale, akanyonye petroli?"

Rubani alichukua dumu, akaanza kushuka mlima kwa miguu kwenda kutafuta mafuta. Mkewe alibaki kwenye jua na trei moja mapajani. Magari yalimpita. Baiskeli zilimpita. Bibi mmoja mwenye mkongojo alimpita, akamsalimia na kumpa pole. Pole ile ilimuuma kuliko jua.

Walipofika hospitali, mpishi mkuu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono kiunoni.

"Wagonjwa wamekula mkate mtupu," alisema.

"Tusamehe, kaka. Gari..."

"Wiki jana gari. Wiki juzi gari." Mpishi aliinua trei ya juu. Ute wa yai ulichuruzika ukaangukia kiatu chake. Alikitazama kiatu. Akamtazama Rubani. Kisha akamgeukia Mama Mayai, akapunguza sauti, na hapo ndipo alipomtisha zaidi. "Dada, mayai yako ni mazuri. Lakini mgonjwa hasubiri foleni ya petroli. Jumatano ijayo mkichelewa, au nikikuta mengine yamevunjika, nitachukua kwa mtu mwingine. Usinilaumu."

Mama Mayai hakumlaumu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akihesabu kichwani ni kuku yupi atauzwa kwanza.

Rubani alisimamisha gari sokoni, akashuka, akarudi anatabasamu. Mkononi alikuwa na chupa ndogo ya kimiminika cha kijani.

"Nini hiyo?"

"Dawa. Unaitia kwenye tangi, gari linaacha kunywa. Aliyeniuzia amesema hata lori kubwa linakwenda kwa harufu tu."

"Na yeye aliyekuuzia anatembelea nini?"

Rubani alifikiri kidogo. "Miguu," alisema.

Mama Mayai alifungua dirisha la gari, akatoa kichwa nje, akavuta hewa ndefu. Kama asingefanya hivyo, wangezungumza mengine.

Alipofika nyumbani hakuvua hata kanga. Alivuka barabara moja kwa moja mpaka shule ya udereva. Huko ndiko alikofundisha wifi yake, dada mdogo wa Rubani. Wanafunzi walimwita Mwalimu, tena kwa heshima, maana alikuwa na sauti ya kusimamisha basi. Kaka yake tu ndiye aliyekuwa hamsikilizi. Alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, na kwa hesabu yake, mtu uliyembeba mgongoni hawezi kukufundisha kitu.

"Wifi, nisaidie," Mama Mayai alisema. "Kaka yako ananimaliza."

Alieleza yote. Mwalimu alisikiliza huku akiuma midomo asicheke.

"Nitakuja kesho jioni," alisema. "Ila wifi, nikianza kusema, nitamsema kila mwenye kosa. Sitachagua."

"Sema, mwaya. Mseme mpaka akome."

Kesho yake jioni Mwalimu aliingia uani. Hakukaa. Alilizunguka gari polepole kama mnunuzi wa ng'ombe. Juu ya paa kulikuwa na keria, na juu ya keria kulikuwa na ngazi ya mbao na mabomba ya chuma.

"Kaka, unajenga?"

"Sijengi. Vipo tu. Huenda vikahitajika."

"Gari likikimbia, linasukuma upepo. Ukilibebesha ngazi kichwani, upepo unaligomea, na injini inakunywa zaidi ili kushinda. Ngazi ishuke. Keria nayo ishuke, mpaka siku ya kubeba kitu." Akafungua buti. "Na hili dude?"

"Giaboksi la lori la marehemu baba," Rubani alisema kwa unyenyekevu. "Kumbukumbu."

Mwalimu alilipapasa kwa kiganja. Baba alikuwa wake pia. "Kaka," alisema hatimaye, "mimi nina picha yake ukutani. Haili petroli."

Walilishusha wawili, wakiguna, wakalikalisha kando ya banda. Kabla hawajanyoosha migongo, kuku mmoja alikuwa amekwisha kulipanda.

Kisha Mwalimu akafungua boneti. Alifungua kopo moja jeusi na kutoa chujio la hewa, kile kitu cha karatasi kinachozuia vumbi lisiingie kwenye injini. Kilikuwa kijivu. Kilikuwa kimejaa manyoya ya kuku.

"Kumbe!" Mama Mayai alisema.

"Gari mnalilaza ubavuni mwa banda. Linavuta vumbi la pumba na manyoya. Gari la zamani kama hili likikosa hewa safi, petroli haiungui vizuri, inatoka na moshi mweusi. Nunueni chujio jipya. Na gari lilale kule, karibu na lango."

Mama Mayai alimtazama mumewe kwa jicho la unaona sasa. Moyo wake ulikuwa unapoa. Hatimaye kulikuwa na mtu wa kusema ukweli nyumbani humu.

Mwalimu aliinama, akabonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba. Akabonyeza la nyuma. Akatoa kipimo cha upepo mfukoni, akapima, akapima tena kana kwamba kipimo kimeharibika.

"Nani ametoa upepo humu?"

Mama Mayai aligeuka kuwaita kuku.

"Matairi yote manne yako nusu. Hayakutoboka. Yametolewa upepo kwa makusudi. Nani?"

Rubani alitazama mbingu. Alikuwa na uso wa mtu aliyesubiri siku hii kwa muda mrefu sana. "Sema wewe, mama watoto," alisema. "Au niseme mimi?"

Mama Mayai alihisi masikio yanawaka moto.

"Ni mimi niliyemwambia," alisema. "Barabara ina mashimo. Mayai yalikuwa yanavunjika. Nikasema tairi likiwa laini, gari litakuwa kama godoro."

"Tairi laini, yai salama!" Rubani alisema. "Ndivyo alivyokuwa akiimba! Kila wiki! Na mimi nikalaumiwa kwa mafuta!"

"Umenyamaza tangu jana ili uje useme leo?"

"Nilingoja mgeni."

"Nyamazeni wote," Mwalimu alisema, kwa ile sauti ya kusimamisha basi. "Kaka, lete toroli."

Toroli la kubebea samadi lilikuwa pale pale, limejaa. Mwalimu alitoa upepo kwenye tairi lake mpaka likabonyea. "Sukuma mpaka langoni."

Rubani alisukuma. Toroli liligoma. Alisukuma kwa kifua, akasukuma kwa tumbo, jasho likamtoka, toroli likaenda kwa kujivuta kama mtoto anayepelekwa kuoga. Alipolirudisha, alikuwa anahema.

Mwalimu alichukua pampu ya baiskeli, akalijaza upepo. "Sukuma tena. Samadi ile ile."

Safari hii toroli lilikwenda lenyewe. Rubani nusura alikimbilie.

"Umeona?" Mwalimu alisema. "Hapo kwanza wewe ndiwe uliyekuwa injini. Tairi laini linalala barabarani, linashikwa na ardhi. Injini inahangaika, inakunywa. Na tairi lenyewe linapata joto, linalika pembeni, siku moja linapasuka ukiwa mwendo mkali. Si mafuta tu, ni maisha." Alifungua mlango wa dereva, akawaonyesha karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye fremu. "Kipimo cha upepo kimeandikwa hapa na waliotengeneza gari. Si cha kukisia. Mkizidisha pia ni kosa, tairi litateleza. Pimeni mara kwa mara, asubuhi, kabla gari halijatembea, maana tairi lenye joto linadanganya."

"Na mayai yangu?" Mama Mayai aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wifi, tairi likiwa gumu, Jumatano itakuwaje?"

"Hebu chukua trei moja, upande mbele. Kaka, endesha kama kawaida yako."

Walikwenda kwanza kituo cha mafuta. Matairi yalijazwa upepo mpaka kipimo cha kwenye karatasi, na tangi likajazwa mpaka juu. Mwalimu akawaambia wasome namba ya kilomita kwenye dashibodi wasiisahau. Kisha Rubani aliondoka kwa kishindo. Akaliona tuta, akalikimbilia, akafunga breki. Mayai yote kwenye trei yaliinama mbele kama watu wanaosali. Mawili yalipasuka kwenye mapaja ya Mama Mayai.

"Simama hapo," Mwalimu alisema kutoka kiti cha nyuma. "Je, ni shimo lililovunja hayo?"

Rubani alitazama barabara. Ilikuwa laini kama meza.

"Umeyavunja wewe, kaka. Kwa mguu. Umekanyaga mafuta ukayachoma ili upate mwendo, kisha ukafunga breki ukautupa mwendo wote. Ni kama mtu anayechota maji kisimani, akifika nyumbani anayamwaga, anarudi kisimani. Halafu anasema kisima kimeibiwa."

Mama Mayai alicheka huku ute ukimshuka magotini.

"Sasa tazama mbali," Mwalimu aliendelea. "Si hapa mbele ya boneti. Mbali. Unaliona tuta lile? Ondoa mguu kwenye mafuta sasa hivi. Liache gari lijiendee ndani ya gia. Usitoe gia! Ukitoa gia kwenye mteremko huokoi kitu, unapoteza nguvu ya kulizuia gari. Haya. Limepungua lenyewe. Vuka polepole. Sasa kanyaga taratibu, kama unakanyaga kidole cha mkwe. Badili gia mapema, usisubiri injini ilie."

"Watu wananipita," Rubani alisema kwa uchungu.

"Wapite. Utawakuta kwenye foleni."

Na kweli, kwenye foleni waliwakuta. Yule aliyewapita kwa honi alikuwa mbele yao, amesimama, amenuna.

"Jambo la mwisho," Mwalimu alisema waliporudi uani. "Asubuhi washa gari, funga mkanda, ondoka. Taratibu kwa kilomita chache za kwanza. Litapata joto likiwa njiani. Lori la baba lilikuwa la zama zake, na hata hilo lingeondoka mapema, laiti baba asingependa chai."

Rubani alikuwa tayari kumtetea marehemu. Lakini ilikuwa kweli. Baba alipenda chai mno.

Siku zilizofuata zilikuwa za taabu. Rubani aliendesha kwa adabu, na mtaa ulimwona. "Rubani, ndege imeharibika?" walimpigia kelele. "Au umebeba bibi harusi?" Alirudi nyumbani amekunja uso, akamwambia mkewe kwamba heshima yake imekwisha. Mkewe alimwambia heshima itarudi, aendelee kupima matairi.

Jumatano ikafika.

Mama Mayai alikunja blanketi kuukuu, akalitandika chini ya trei. Rubani aliwasha gari, akafunga mkanda, akaondoka. Chai aliinywa mapema, kabla hajaligusa gari. Lakini barabarani kulikuwa na msongamano. Mama Mayai alitazama jua. Alitazama saa ya dashibodi. Aliona uso wa mpishi, mikono kiunoni. Aliona banda tupu.

"Baba watoto, kanyaga kidogo."

"Sikanyagi."

"Kuna nafasi pale! Pita!"

"Pale mbele kuna tuta. Nikikimbia nitafunga breki."

"Tutachelewa! Kanyaga, nakuambia!"

"Mama watoto," Rubani alisema kwa upole uliomtia mkewe wazimu, "tazama mbali."

Angeweza kumfinya. Miaka yote amemwomba mtu huyu apunguze mwendo, na leo, siku ya kufa na kupona, ndiyo kaamua kuwa mtakatifu! Mama Mayai alizishika trei kwa mikono miwili, akauma meno. Walifika mlimani, pale pale gari lilipowazimikia. Gari lilipanda taratibu kwa sauti moja, bila kukohoa. Mshale wa mafuta ulikuwa bado juu ya nusu. Hawakusimama kutafuta petroli. Hawakusimama popote.

Mlango wa jiko la hospitali ulikuwa umefungwa. Wameshachukua kwa mtu mwingine, Mama Mayai aliwaza. Aligonga. Mpishi mkuu akafungua, anafunga aproni, macho bado mazito.

"Mbona mapema hivi?" alisema. "Maji hata hayajachemka."

Alibeba trei ya juu mpaka dirishani, akainama. Akainua ya pili. Akainua zote, moja baada ya nyingine. Mama Mayai alisimama nyuma yake akihesabu naye.

"Hata moja halijapasuka," mpishi alisema. Akafikiri. "Ijumaa nayo unaweza kuniletea?"

"Naweza, kaka," Mama Mayai alisema.

Njiani kurudi walijaza tangi mpaka juu tena, kama Mwalimu alivyowafundisha. Walihesabu kilomita walizokwenda tangu siku ile, wakazigawa kwa lita zilizoingia. Zamani, Rubani alikiri, lita moja ilikuwa haiwafikishi hata kilomita nane. Sasa ilipita kumi. Ile chupa ya kijani alimpa mkewe aitupe, na aliitupa kwa furaha mbali na kuku.

Ungefikiri sasa Mama Mayai amepumzika. Hapana. Rubani alinunua kipimo chake cha upepo, akakivaa shingoni kwa kamba, na toka siku hiyo hakuna tairi lililopita salama mbele yake. Alipima ya jirani. Alipima ya mwenye teksi. Alimsimamisha mmoja wa wale waliomcheka, akamweleza habari za kisima na maji mpaka mtu akaomba msamaha.

Ijumaa, mayai yaliposhushwa, Mama Mayai alikaa garini akingoja. Alingoja sana. Kisha akamwona mumewe amepiga magoti uani mwa hospitali, kichwa ubavuni mwa gari la kubebea wagonjwa, dereva wake amesimama hajui afanye nini.

"Baba watoto, twende! Kuku wana njaa!"

"Dakika moja tu! La nyuma hili halina upepo! Halafu ameacha injini inanguruma bure!"

Mama Mayai aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. Mpishi mkuu alikuja dirishani, akamtazama Rubani kwa mashaka.

"Dada," aliuliza, "mume wako anaumwa nini?"

"Anaumwa maradhi mema, kaka," Mama Mayai alisema. "Ila hapa hospitalini kwenu hakuna dawa yake."